Moshi: Mwenye farasi mmoja kapewa ushindi kwa muda, mwenzake ana askari wa kuwa malkia. Hii ni haki?

#1 Vumbi la Kwa Mrombo

Wakuu, salaam.

Jumamosi tulikuwa Moshi kwenye mashindano ya sataranji ya wachezaji wa kawaida, hakuna mwenye cheo hata mmoja. Dakika 25 kila mchezaji, saa haina nyongeza ya sekunde. Raundi ya mwisho, bodi ya pili, anacheza mwalimu mmoja wa sekondari wa huku Sakina (nyeupe) na dogo wa kidato cha sita wa pale pale Moshi (nyeusi). Atakayeshinda anaondoka na kikombe.

Mwalimu alikuwa juu tangu katikati ya mchezo. Kete zikaliwa, zikabaki hivi (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo):

Nyeupe: mfalme b7, askari a6.
Nyeusi: mfalme g4, farasi g3.
Zamu ya nyeupe.

Hata aliyeanza kucheza jana anaona. Askari anakwenda a7, muvu inayofuata anakuwa malkia, na yule farasi yuko mbali, hafiki. Mwalimu kanyoosha mkono, saa yake ikasoma sifuri kabla hajagusa kete. Dogo akasimamisha saa, mwamuzi akaja, akaitazama bodi kimya kwa muda, akasema nyeusi kashinda.

Mfalme na farasi mmoja hawawezi kumfunga mtu, yaani kumpiga chekimeti, mfalme wake akose pa kukimbilia. Tumefundishwa hivyo siku ya kwanza. Sasa asiyeweza kufunga anashindaje? Mimi nasema ilitakiwa iwe sare. Wanaojua sheria njooni, maana Mwalimu amerudi Arusha hasemi na mtu.

#2 Pasua Kichwa

Naweka kambi hapa.

#3 Karani wa Bodi

Mkuu, mwamuzi yuko sahihi. Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kifungu 6.9: muda wako ukiisha umepoteza, isipokuwa kama kete zilivyokaa mpinzani hawezi kukufunga kwa mfululizo wowote wa muvu halali. Zingatia hilo neno "wowote". Sheria haiulizi kama ni rahisi, wala kama kuna mwenye akili timamu atakayecheza hivyo. Inauliza kama inawezekana.

Na hapo inawezekana. Mpeleke mfalme mweupe a8, askari wake asogee a7. Mfalme mweusi aje c8, farasi atue c7. Farasi anapiga cheki a8, mfalme mweusi anaziba b8 na b7, a7 amekaa askari wake mwenyewe. Chekimeti. Ile kanuni uliyofundishwa inahusu farasi dhidi ya mfalme aliyebaki peke yake. Mwalimu hakuwa peke yake, alikuwa na askari.

#4 Vumbi la Kwa Mrombo

Karani, nimekuelewa, ila hiyo ni picha ya kufikirika. Mwalimu awe na wazimu gani ampeleke mfalme wake kujifungia kona, wakati anabakiza muvu mbili apate malkia? Sheria gani inamhukumu mtu kwa ujinga ambao hajaufanya?

#5 Chalii_Ngarenaro

Nimesoma nikaona tusibishane kwa mdomo. Mimi na mshkaji tumepanga kete zikakaa vilevile kwenye Chess.com, simu mbili, tukaacha muda wa nyeupe uishe. Imeandika SARE. Mchezo umeisha, hakuna mshindi. Mtandao wenye mamilioni ya wachezaji unasema sare, mwamuzi wa Moshi anasema ushindi. Mimi naamini mtandao. Machalii wa Arusha tumeonewa.

#6 Kahawa Chungu

Chalii, sasa fanya hivyo hivyo kwenye Lichess, ule mtandao mwingine wa sataranji, ulete majibu.

#7 Chalii_Ngarenaro

Lichess imempa ushindi nyeusi. Sasa mbona hii mitandao inagombana?

#8 Kahawa Chungu

Kwa sababu kila mmoja umechagua sheria zake. Lichess inafuata FIDE. Chess.com kwenye jambo hili iko karibu na sheria za chama cha Marekani, USCF. Wale wanasema muda wako ukiisha na mpinzani amebaki na mfalme na farasi tu, au mfalme na askofu tu, ni sare, isipokuwa kama ana njia ya kukufunga kwa lazima. Chess.com haihangaiki kutafuta hiyo njia ya lazima, inahesabu kete tu.

Mashindano yakitangazwa kuwa ya sheria za FIDE, simu yako haina kura pale ukumbini. Vumbi, tangazo lenu lilisema sheria zipi?

#9 Vumbi la Kwa Mrombo

Lilisema FIDE. Lakini hapo hapo unakubali kwamba kuna nchi nzima yenye wachezaji wengi wanaoona kama mimi ninavyoona. Kwa hiyo hoja yangu si ya kipuuzi.

#10 Mama Neema Njiro

Habari zenu. Nawafundisha watoto sataranji nyumbani jioni, na nataka kumjibu Vumbi anaposema "picha ya kufikirika".

Pangeni hivi: mfalme mweupe a8, askari mweupe a6. Mfalme mweusi c8, farasi mweusi b5. Zamu ya nyeupe. Tafuteni muvu ya nyeupe. Mfalme hawezi b8 wala b7, mfalme mweusi yuko jirani. Hawezi a7, farasi wa b5 anaitazama. Imebaki moja tu, askari a7. Anasogea kwa sababu hana hiari. Farasi anatoka b5 anatua c7, kwisha. Hakuna aliyekosea kwenye muvu hizo mbili, nyeupe amefungwa kwa lazima, tena na farasi mmoja.

Binti yangu alifungwa hivyo na kaka yake, akalia, akasema kaka ameiba. Niliwapangia tena kete, nikamwambia atafute muvu nyingine. Alitafuta mpaka chakula kikapoa. Tangu siku hiyo akiwa na askari wa pembeni haweki mfalme wake mbele yake.

#11 Vumbi la Kwa Mrombo

Mama Neema, nimeipanga, ni kweli na ni nzuri sana, asante. Lakini angalia ya kwetu: farasi yuko g3, mfalme mweusi g4. Kutoka hapo hadi c8 na b5 ni safari. Nyeupe atakuwa na malkia kabla dogo hajafika hata katikati ya bodi. Kwa hiyo hata kwa Wamarekani ni sare. Njia ya lazima hapo haipo.

#12 Kahawa Chungu

Kwa Wamarekani ndiyo, sare. Sijakataa.

#13 Pasua Kichwa

Nimetoka kambini. Kuna kitu nimekaa nacho tangu asubuhi na hakuna aliyekigusa.

Mwalimu kapoteza kwa sababu ana askari. Sasa tuseme angewahi zile muvu mbili: a7, farasi kokote, a8 malkia. HALAFU muda ukaisha. Matokeo yangekuwa nini?

Jibu: SARE. Kwa sheria hizi hizi za FIDE, kifungu hiki hiki 6.9.

Mfalme na farasi hawawezi kumfunga mfalme mwenye malkia hata wachezaji wote wawili washirikiane. Akiwa na askari, muda ukiisha amepoteza. Akiwa na malkia, kete yenye nguvu kuliko zote, muda ukiisha ni sare. Na angekuwa hana kitu kabisa, askari ameliwa, mchezo ungekufa palepale na kuwa sare, saa hata haiangaliwi.

Yaani katika hali tatu, ile aliyokuwa nayo ndiyo peke yake inayompa sifuri.

#14 Ngome Kuu

Pasua, hapo umetupeleka chaka. Malkia naye ni kete, anaweza kumziba mfalme wake kama askari anavyomziba. Mfalme mweupe h1, malkia mweupe h2, mfalme mweusi f1, farasi f2 cheki. g1 na g2 zimezibwa na mfalme mweusi, h2 yupo malkia. Meti.

#15 Pasua Kichwa

Malkia wa h2 anatembea kwenye mstari hadi f2 anamla farasi. Cheki imeisha.

#16 Ngome Kuu

Sawa, malkia mweke g1. Mfalme mweupe h1, mfalme mweusi h3, farasi f2.

#17 Pasua Kichwa

Malkia wa g1 anakula f2 kwa mshazari. Ukimhamishia farasi g3, anamla kwa mstari wa g. Jaribu utakavyo mkuu. Malkia akikaa jirani na mfalme wake ili amzibe njia, anaufikia ule mraba ambao farasi anapigia cheki. Hiyo ndiyo siri yake.

Sasa mtoe malkia, weka ngome palepale g1. Mfalme h1, ngome g1, mfalme mweusi h3, farasi f2. Ngome haifiki f2, h2 na g2 zina mfalme mweusi. Meti safi. Kwa hiyo Mwalimu angegeuza askari wake kuwa ngome muda ukaisha, angepoteza pia. Malkia tu ndiye angemwokoa.

#18 Ngome Kuu

Nimeipanga kwa namna zote ninazozijua. Nakuja tena usiku.

#19 Karani wa Bodi

Pasua yuko sawa, na Lichess imeandikwa hivyo hivyo: mwenye mfalme na farasi hapewi ushindi wa muda kama mpinzani ana malkia tu. Mpinzani akiwa na askari, farasi, askofu au ngome, anapewa.

#20 Mzee Kibao

Vijana, mimi ni wa drafti, pale karibu na stendi ya Moshi, bodi ya mbao na vizibo vya soda. Nimesoma uzi wote. Swali langu ni moja: kwa nini mnaweka saa? Sisi mtu akikawia watu wanamwambia cheza, anacheza. Hatujawahi kumpa kikombe mtu aliyezidiwa.

#21 Kahawa Chungu

Shikamoo mzee. Bila saa mashindano hayaishi. Kabla ya saa za sataranji kulikuwa na watu wanakaa kwenye muvu moja mpaka mpinzani anachoka mwili. Ndiyo maana mashindano ya London mwaka 1883 walileta saa mbili zilizounganishwa, ya huyu ikitembea ya yule inasimama. Tangu hapo muda ni sehemu ya mchezo kama kete zilivyo. Mwalimu alikuwa na dakika 25 sawa na za dogo. Alizitumia vibaya, dogo alizitumia vizuri.

#22 Mzee Kibao

Marahaba. Bado sijaridhika.

#23 Shuhuda wa Rau

Samahani wakuu, mimi nilikuwepo na nilisimama nyuma ya dogo. Vumbi amesema kweli kuhusu kete, mfalme b7 na askari a6, nilipiga picha mchezo ulipoisha. Lakini kuna jambo amelipitia juu juu. Anasema dogo alisimamisha saa. Kabla dogo hajasimamisha saa, kuna mtu kati ya watazamaji alisema "muda!" kwa sauti. Dogo alikuwa ameinamia bodi, haangalii saa. Alistuka, akatazama, ndipo akasimamisha.

Hilo ndilo la kujadili, siyo farasi. Mtazamaji anaruhusiwa kusema?

#24 Vumbi la Kwa Mrombo

Sikusikia hiyo sauti. Nilikuwa upande wa dirishani na nje kulikuwa na bodaboda zinapiga honi. Kama ni kweli, basi mchezo wote ulikuwa batili!

#25 Karani wa Bodi

Taratibu. Mtazamaji haruhusiwi kuingilia mchezo. Akiona kasoro anamwambia mwamuzi, basi, na mwamuzi anaweza kumtoa ukumbini. Lakini muda unahesabiwa umeisha pale mwamuzi anapoona, au mchezaji mmojawapo anapodai kihalali. Kama mwamuzi mwenyewe aliiona saa ikisoma sifuri, ile sauti haibadilishi kitu, saa haikurudi nyuma kwa sababu mtu kapiga kelele. Shuhuda, mwamuzi alikuwa wapi?

#26 Shuhuda wa Rau

Kati ya bodi ya kwanza na ya pili, amegeukia bodi ya kwanza.

#27 Karani wa Bodi

Hapo kuna wa kubishana naye, sikatai. Wengine watasema dogo alidai baada ya kusaidiwa. Wengine watasema ni saa ya kidijitali, sifuri ingebaki pale pale na mwamuzi angegeuka akaiona. Mimi niko na hao wa pili, kwa sababu zamu ilikuwa ya nyeupe na Mwalimu alikuwa bado hajagusa kete.

#28 Tarakea Junior

Mimi nasema Wachaga tumeshinda, kikombe kimebaki mlimani, watu wa Arusha wapande coaster wakalale. 😂

#29 Chalii_Ngarenaro

Mangi tulia, dogo wenu alikuwa anasubiri malkia amtafune. Tutarudiana huku kwetu, kwenye saa zenye nyongeza.

#30 Fundi Saa

Chalii katamka neno nililokuwa nalisubiri tangu juu: nyongeza.

Naumia kuona mashindano ya mwaka huu bado yanachezwa kwa muda mkavu. Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa zamani, aliomba hakimiliki ya saa inayoongeza sekunde kila muvu mwaka 1988, na aliitumia kwenye mechi yake ya marudiano na Spassky mwaka 1992. Alilenga ugonjwa huu huu, mtu ana mchezo wa kushinda kabisa lakini saa inamuua. Ukiweka nyongeza ya sekunde tano tu kwa muvu, Mwalimu anafikisha askari a8 bila kutokwa jasho. Saa za kidijitali mlizokuwa nazo zinaweza kuwekwa hivyo kwa kubonyeza vitufe viwili vitatu kabla ya raundi. Hazina gharama ya ziada.

Na hata bila nyongeza, FIDE wameacha mlango. Kuna mwongozo wao kwa michezo isiyo na nyongeza: mchezaji mwenye zamu akibakiza chini ya dakika mbili anaweza kumwita mwamuzi aombe sekunde tano za nyongeza ziwekwe kwa wote wawili. Ombi hilo linahesabika kama kumpendekezea mpinzani sare. Mpinzani akikataa sare na mwamuzi akikubali ombi, saa zinapangwa upya, mpinzani anapewa dakika mbili za ziada, mchezo unaendelea. Mwongozo huu unatumika kwenye michezo ya kawaida na ya haraka kama hii ya dakika 25. Kwenye ile ya dakika tatu au tano hautumiki.

Mwalimu angeinua mkono akiwa na dakika moja na nusu, huu uzi usingekuwepo.

#31 Vumbi la Kwa Mrombo

Fundi umenipa silaha. Kwa hiyo mwamuzi alitakiwa amwambie Mwalimu!

#32 Fundi Saa

Hapana. Anayeomba ni mchezaji. Na mwongozo unatumika tu kama ulitangazwa kabla ya mashindano kuanza. Ulitangazwa?

#33 Vumbi la Kwa Mrombo

Haukutangazwa.

#34 Shuhuda wa Rau

Ulitangazwa. Asubuhi, kabla ya raundi ya kwanza, mwamuzi alisoma karatasi nzima. Nyie wa Arusha hamkuwepo, gari lenu lilikwama Bomang'ombe, mkaingia watu wameshakaa kwenye bodi.

#35 Vumbi la Kwa Mrombo

Gari lilisimamishwa Kwa Sadala, siyo Bomang'ombe. Na tulipoingia kuna mwenzetu aliuliza kama kuna tangazo lolote, akaambiwa "ni kawaida tu, kaeni mcheze". Sasa hiyo ni kutangaza?

#36 Mama Neema Njiro

Kama watu wamesafiri kilomita 80 na ushee kuja kucheza, kuwasomea tena karatasi kunachukua dakika tatu. Tuwe na utu. Hata kuibandika mlangoni ingetosha.

#37 Ngome Kuu

Nimerudi kama nilivyoahidi. Farasi na malkia: nimeshindwa. Kila nikipiga cheki malkia anamla farasi, au mfalme ana pa kutokea.

Lakini sasa nina swali la pembeni. Kwa nini mnamwonea huruma Mwalimu tu? Dogo naye alibakiza ngapi?

#38 Jirani wa Dogo

Sekunde 11. Niko naye mtaa mmoja Majengo, ameniambia mwenyewe, na nimemwonyesha uzi huu.

Amesema alijua kabisa hawezi kuzuia malkia. Alichokuwa anapanga ni a7, farasi f5, a8 malkia, halafu farasi d6 cheki, kila muvu cheki kadiri atakavyoweza, ili Mwalimu afikirie. Alijua mwenzake yuko chini ya sekunde tano. Anasema huo nao ni uchezaji, aliulinda muda wake tangu muvu ya kwanza kwa sababu anajua mwisho huwa unafika hivi. Mwalimu alitumia karibu dakika nane kwenye muvu moja ya katikati, wakati bado malkia wote wapo, na dogo alikuwa anaiona saa.

Kitu kimoja zaidi. Kuna watu walimwambia pale ukumbini "ungempa sare kiungwana". Hakulala vizuri kwa maneno hayo. Ana miaka 18, hajavunja sheria yoyote, hajagusa kete isiyo yake, hajasema neno. Naomba tumwache afurahie kikombe chake.

#39 Binti wa Usa River

Naunga mkono hoja ya Jirani. Mpira dakika zikiisha wakati mshambuliaji yuko peke yake na kipa, refa anapuliza filimbi. Hasubiri apige.

#40 Vumbi la Kwa Mrombo

Dogo sina ugomvi naye na nampa hongera zake hapa hadharani. Ila huo mfano wako, refa akipuliza filimbi anaacha matokeo yalivyo, hampi yule kipa goli. Mimi ndicho ninachodai: iachwe sare.

#41 Binti wa Usa River

Sataranji haina matokeo "yalivyo" mpaka mchezo uishe. Hakuna magoli ya akiba.

#42 Kahawa Chungu

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya vijijini, hata kwenye ubingwa wa dunia wa wanawake, Nalchik, Urusi, 2008, yalitokea. Monika Soćko wa Poland na Sabina Foişor wa Romania, mchezo wa mwisho wa kuamua nani asonge mbele. Kila mmoja kabakiza mfalme na farasi. Muda wa Foişor ukaisha. Mwamuzi akasema sare, na sare ilikuwa inamfaa Foişor kwa utaratibu wa mchezo ule. Soćko akakata rufaa, akaonyesha kwamba farasi wa mpinzani anaweza kumziba mfalme wake mwenyewe, kwa hiyo meti inawezekana. Akapewa ushindi, akasonga mbele.

Pale mwamuzi wa ubingwa wa dunia alikosea, Moshi mwamuzi alipatia. Huyo bwana anastahili pongezi, na humu hakuna hata mmoja aliyempa.

#43 Pasua Kichwa

Kahawa, mfano mzuri, lakini ona tofauti. Kule wote walikuwa sawa, farasi kwa farasi. Mtu akisema "hakuna aliyestahili kushinda" ni kwa wote wawili. Huku mmoja alikuwa anashinda waziwazi. Ndiyo maana inauma zaidi.

#44 Rafiki wa Mwalimu

Habari wakuu. Ninaishi naye jirani Sakina. Hataki kujiunga humu lakini anasoma kwenye simu yangu.

Kuhusu zile dakika nane: anasema kulikuwa na njia mbili, moja ya kutoa ngome achukue askofu na askari wawili, nyingine ya kubadilisha malkia aende mwisho ulio salama. Alihesabu ya kwanza mpaka akaona hatari, akachagua ya pili. Ile ya pili ndiyo iliyomletea askari wa ziada. Kwa maoni yake zile dakika ndizo zilizomfikisha kwenye kushinda, na bila hizo asingefika b7. Hajutii.

Kuhusu kuinua mkono kuomba nyongeza: hakujua kama inaruhusiwa pale, kwa sababu hakusikia likisomwa.

Alichoshangaa ni hilo la Pasua Kichwa. Amenifanya nimpangie kete mezani, ngome g1 kisha malkia g1, mara nyingi tu. Amesema mwezi ujao atalifundisha shuleni kwenye klabu yake.

#45 Jirani wa Dogo

Mwambie Mwalimu dogo anamsalimia sana, shikamoo yake. Anasema alijifunza kwake kwenye mchezo ule, hasa alivyombadilisha malkia.

#46 Rafiki wa Mwalimu

Marahaba, amecheka. Anasema dogo akipita Arusha amtafute wacheze tena, saa waweke wanavyotaka.

#47 Mzee Kibao

Hao wawili wamemaliza vizuri, nyie humu ndani bado mnagombana. Dogo akitaka drafti naye aje, sisi hatuna saa.

#48 Chalii_Ngarenaro

Mimi bado sijakubali. Sheria inayompa mwenye askari adhabu kubwa kuliko mwenye malkia ina kasoro, hata kama imeandikwa vizuri. FIDE wanabadilisha sheria zao mara kwa mara, hii nayo ibadilishwe.

#49 Karani wa Bodi

Chalii, ukibadilisha useme "apime nani alikuwa anashinda", mwamuzi wa mashindano ya mtaani atapimaje? Mwisho wenye kete nne kompyuta inaujua wote, lakini ukumbini mwamuzi hana kompyuta, ana macho yake. "Inawezekana au haiwezekani" ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu akiwa amesimama pale. Ndiyo maana lilichaguliwa.

#50 Fundi Saa

Au weka nyongeza, mwamuzi asiulizwe lolote. Nimemaliza.

#51 Mama Neema Njiro

Watoto wangu wameniuliza, nami naleta kwenu: kama dogo angekuwa na askofu badala ya farasi, Mwalimu na askari wake yule yule a6, muda umeisha. Ni nani?

#52 Karani wa Bodi

Nyeusi anashinda. Askofu wa miraba myeupe: mfalme mweupe a8, askari a7, mfalme mweusi c7, askofu atue d5. Cheki kwenye mshazari, b7 ni ya askofu, b8 ya mfalme mweusi, a7 ina mwenyewe. Askofu wa miraba myeusi naye anaweza, ila askari inabidi kwanza ageuke kete ndogo kisha amzibe mfalme wake kwenye kona nyeusi. Wawili wenye askofu mmoja mmoja wa rangi moja ya miraba, hiyo ndiyo sare siku zote.

#53 Ngome Kuu

Na maaskofu wa rangi tofauti? Usijibu Karani, ngoja nipange mwenyewe kwanza.